Hundi ya dola mkononi: uipeleke benki, umpe ndugu aliye Marekani, au uirudishe ilikotoka?

Bahasha ilifika kwenye sanduku la posta mwanzoni mwa Februari 2024. Ndani mlikuwa na hundi ya dola 380, malipo ya tafsiri niliyoifanyia taasisi moja ya Marekani. Siku hizo dola moja ilikuwa ikigusa shilingi 160 za Kenya. Nilipiga hesabu papo hapo nje ya posta, hata sijaikunja bahasha: elfu sitini na mia nane. Kesho yake asubuhi nikaipeleka benki yangu hapa Mombasa.

Keshia aliigeuza mara mbili, akatazama tarehe, akanirudishia.

"Kaka, hii ni ya Novemba. Siku yake haijafika."

Ilikuwa imeandikwa 01/11/2024. Nikamweleza kwamba Wamarekani huanza na mwezi ndipo siku ifuate, kwa hiyo hiyo ni Januari tarehe 11. Akamwita mwenzake, mwenzake akamwita msimamizi, msimamizi akakubali, nikajaza fomu. Pesa ziliingia mwishoni mwa Machi. Dola 85 zilikuwa zimekatwa njiani, na dola yenyewe ilikuwa imeporomoka. Benki ilinibadilishia kwa 130. Nikapata shilingi 38,350.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa kuulizwa na wenzangu kila mtu anapopata hundi ya nje: mwandishi aliyelipwa na jarida, aliyesoma kule akarudishiwa kodi, mzee mwenye hisa alizonunua alipokuwa London, mjane ambaye mumewe alikuwa na bima ya kampuni ya ng'ambo. Swali ni lile lile, ipi njia rahisi. Jibu hutegemea hundi ni ya kiasi gani, na kama aliyeiandika yuko tayari kuibadilisha. Hebu tuziweke njia hizo ubavu kwa ubavu.

Kabla ya yote, soma jina la benki

Watu wengi wakiona alama ya dola hudhani ni hundi ya nje. Si lazima. Kampuni au shirika lenye akaunti ya dola Nairobi linaweza kukuandikia hundi ya dola juu ya benki ya hapa hapa Kenya. Hiyo hupita kwenye mfumo wa ndani wa kubadilishana hundi, kwa sababu Kenya ina utaratibu wake wa hundi za dola, pauni na yuro zinazotolewa na benki za nchini. Huiva, yaani hulipwa kweli, kwa siku chache na makato yake si ya kutisha. Ukiiweka kwenye akaunti ya dola, hadithi imeisha. Usihangaike kusoma mengine.

Tanzania kuna la kuongeza. Kanuni zilizoanza kutumika Machi 2025 zimekataza kutaja bei na kulipana kwa fedha za kigeni katika biashara za ndani. Kuwa na akaunti ya dola hakujakatazwa, wala kupokea malipo kutoka nje. Lakini mteja wako wa Arusha akikuandikia hundi ya dola kwa kazi uliyomfanyia Arusha, mwambie aandike ya shilingi.

Hundi inayosumbua ni ile yenye jina la benki iliyo Ohio au Manchester. Ya Marekani utaitambua kwa namba ya tarakimu tisa chini kushoto, ndiyo anwani ya benki yake. Ya Uingereza ina namba ya tawi yenye tarakimu sita. Karatasi hiyo haiwezi kulipwa na mtu yeyote ila benki hiyo, na benki hiyo haina uhusiano wowote na mfumo wetu wa hundi. Lazima irudi kwao, kwa njia moja au nyingine, na kila mkono inaopitia unachukua chake.

Njia ya kwanza: kuiachia benki yako ikakusanye malipo

Hii ndiyo niliyopita mimi, na ndiyo benki nyingi zitakayokupa kama bado zinapokea hundi za nje. Kuna zilizoacha kabisa, kwa hiyo piga simu kabla ya kupanda matatu. Dunia nzima inaikimbia karatasi hii: Afrika Kusini ilifuta hundi mwisho wa 2020, na serikali ya Marekani yenyewe iliamuru idara zake ziache kutoa hundi za karatasi kuanzia 30 Septemba 2025.

Utaratibu ni huu. Unasaini nyuma, unaandika namba ya akaunti, benki inaituma kwa kampuni ya vifurushi vya haraka hadi kwa benki mshirika wake, tuseme New York. Yule mshirika anaipeleka kwa benki iliyoandikwa kwenye hundi. Benki hiyo ikilipa, pesa zinarudi kwa mkondo ule ule. Wewe hupewi kitu mpaka zifike. Mimi nilingoja karibu wiki saba, na waliowahi kungoja nane nawafahamu.

Yale makato yangu ya dola 85 yaligawanyika hivi: dola 30 za benki yangu kwa kuishughulikia, 35 za kuisafirisha, 20 alizokata mshirika wa kule kabla ya kutuma. Benki yako itakuwa na tarakimu zake, na juu ya ada zake kuna kodi: Kenya ushuru wa bidhaa, Tanzania VAT ya asilimia 18. Lakini tazama umbo la makato yenyewe. Hayaulizi hundi ni ya kiasi gani. Kwenye dola 380, 85 ni zaidi ya asilimia 22. Kwenye hundi ya dola 6,000, 85 zile zile ni asilimia moja na nusu hivi.

Ndipo watu wenye hundi kubwa wanapopumua na kusahau mwizi wa pili, ambaye ni bei ya kubadilishia. Tuseme soko liko 129 na benki inanunua dola zako kwa 127. Kwenye zile dola 295 zilizobaki za hundi ndogo, tofauti ya shilingi mbili ni shilingi 590, hela ya chakula cha mchana cha watu wawili. Kwenye dola 5,915 ni shilingi 11,830, yaani zaidi ya dola 90. Kwa maneno mengine, mwenye hundi ndogo agombane na ada, na mwenye hundi kubwa agombane na bei. Huyu wa pili asikubali kusomewa bei ya ubaoni. Aombe kuzungumza na dawati la fedha za kigeni, ataje kiasi, na aulize wanaweza kumpa ngapi. Hawakatai kuulizwa. Mimi niliwahi kuongezewa senti 80 kwa kila dola kwa kuuliza tu.

Iingie kwenye akaunti ya shilingi au ya dola?

Hili ni swali ndani ya swali, na keshia hatakuuliza kwa kukusaidia. Atakuuliza kwa sababu kuna kisanduku kwenye fomu.

Ukiielekeza kwenye akaunti ya shilingi, benki inabadilisha siku pesa zinapofika, kwa bei yake ya siku hiyo. Hujui itakuwa siku gani wala bei gani. Mimi nilipeleka hundi dola ikiwa 160 na nikalipwa kwa 130 kwa sababu kati yake shilingi ya Kenya ilipanda ghafla, serikali ilipofanikiwa kununua sehemu ya deni lake la Eurobond, yaani mkopo wa dola kutoka kwa wawekezaji wa nje, mwezi Februari. Kule Tanzania mwaka huo huo dola ilipita shilingi 2,700, kisha Desemba ikarudi karibu 2,400. Wiki saba si muda mdogo.

Akaunti ya dola inakupa uhuru wa kuchagua siku. Benki nyingi hukufungulia kwa kitambulisho na PIN ya kodi, baadhi zikidai salio la kuanzia, baadhi zikikata ada ya kila mwezi. Kama unapata hundi moja kwa mwaka, ada za miezi kumi na miwili zinaweza kula faida yote. Na tusidanganyane: uhuru wa kuchagua siku si uhakika wa kuchagua siku nzuri. Kama ningeweka zile dola 295 mwaka huo nikisubiri 160 irudi, ningesubiri sana. Dola ilitulia karibu 129 na ikakaa hapo.

Kwa hiyo nasema: akaunti ya dola ni ya mtu anayepokea mara kwa mara, au mwenye hundi kubwa anayetaka kupiga bei benki mbili tatu kabla hajauza. Mwingine yeyote abadilishe siku hiyo hiyo asonge mbele.

Njia ya pili: benki kuinunua hundi

Kuna benki inayoweza kukulipa leo na kuifuatilia hundi yenyewe, ikikukata riba ya siku itakazongoja. Hii huwa ni ya mteja wanayemjua, mwenye mkopo au dhamana kwao, na hundi ikirudi bila kulipwa wanakudai zote pamoja na gharama. Kama huna jina benki, sahau.

Njia ya tatu: ndugu aliye kule

Hii ndiyo kila mtu huitaja kwanza. "Si umtumie tu yule binamu yako wa Minneapolis?" Inawezekana, ila ina mitego mitatu.

Mtego wa kwanza ni jina. Hundi imeandikwa kwa jina lako. Ili binamu aiweke kwenye akaunti yake inabidi wewe usaini nyuma na uandike kwamba alipwe yeye, naye asaini chini yako. Kisheria inaruhusiwa. Kibenki, benki nyingi za Marekani huzikataa hundi za namna hiyo, kwa sababu ndizo wezi wanazozipenda, na programu za simu za kuwekea hundi huzitema bila maelezo. Hundi ya hazina ya serikali ndiyo ngumu zaidi.

Mtego wa pili huja pale unaposema, basi waiandike upya kwa jina la binamu. Ukifanya hivyo, kwa mamlaka ya kodi ya Marekani aliyelipwa ni binamu. Yeye ndiye anayeweza kutumiwa fomu ya mapato mwisho wa mwaka, na aeleze kwa nini alifanya tafsiri ya Kiswahili ilhali yeye ni muuguzi. Kwa malipo ya kazi, usimpandishie ndugu mzigo huo.

Mtego wa tatu ni pesa kutoka kwake kuja kwako. Hapa mambo yamekuwa mepesi sana: huduma kama Sendwave, Remitly na WorldRemit huleta hadi kwenye simu, na gharama kubwa imefichwa kwenye bei ya kubadilishia kuliko kwenye ada. Kwa M-Pesa ya Kenya kumbuka mipaka: shilingi 250,000 kwa muamala mmoja, na 500,000 ndizo simu inaweza kubeba kwa jumla. Halafu kuna jipya: tangu Januari 2026 Marekani inatoza kodi ya asilimia 1 kwa fedha zinazotumwa nje zikiwa zimelipiwa kwa pesa taslimu au hundi za posta na za benki. Zikitoka kwenye akaunti ya benki au kadi ya benki ya kule, kodi hiyo haigusi. Mwambie binamu asitoe keshi akapange foleni dukani.

Njia hii inang'aa pale tu wewe mwenyewe una akaunti kule, labda uliyoiacha ulipokuwa mwanafunzi. Hapo jina ni lako. Unampelekea ndugu karatasi aiweke kwenye akaunti yako tawini, au unapiga picha mwenyewe kwa programu ya benki, kama haikukatai kwa kuona uko nje ya Marekani. Usiitupe hundi mpaka pesa zitulie. Hata wao hawapewi zote papo hapo: sheria yao inalazimisha benki kuachia dola 275 za kwanza siku ya kazi inayofuata, nyingine zinaweza kusubiri.

Uingereza ni karibu hivyo hivyo, ila wepesi wao ni mkubwa zaidi. Tangu 2019 benki zao zote hupokezana picha za hundi badala ya karatasi, na iliyowekwa leo huwa imeiva kabla ya kesho kwisha, kama ni siku ya kazi. Hundi hiyo hiyo ya pauni ukiileta Tanga, inarudi kuwa karatasi inayopanda ndege.

Njia ya nne: kuirudisha na kuomba ulipwe vingine

Hii ndiyo ninayoishikilia, na ndiyo watu wanayoiogopa kuliko zote kwa sababu wanaona haya kumsumbua aliyewalipa. Usione haya. Mhasibu wa kule hajui kwamba karatasi yake ya dola 380 inakugharimu karibu robo yake. Kwake hundi ni kitu cha bure. Ukimwandikia mistari mitatu kwamba benki za kwako zinakata sana hundi za nje, na kwamba ungependa auzuie ulipaji wa hundi na akutumie kwa njia ya benki, mara nyingi anakubali siku hiyo hiyo.

Atakapokubali atakutumia fomu, na fomu ndiyo penye kichekesho. Ina kisanduku cha IBAN, namba ya akaunti ya mtindo wa kimataifa, na haikubali kuendelea mpaka ukijaze. Kenya na Tanzania hazitumii IBAN. Kuna watu wameacha pesa zao hapo. Andika namba yako ya akaunti ya kawaida kwenye kisanduku hicho. Ikikataa, mwandikie mhasibu kwamba nchi yako haina namba hiyo na mpe msimbo wa benki yako wa SWIFT, ule mtandao ambao benki za dunia hutumiana malipo, wenye herufi na tarakimu nane au kumi na moja, jina lako kama lilivyo kwenye akaunti, namba ya akaunti, tawi, na jina la benki mshirika ya New York ambayo benki yako hupokelea dola. La mwisho hilo waulize kaunta, wanalo limechapwa.

Kisha muulize jambo moja: nani anabeba ada? Kwenye malipo ya SWIFT kuna herufi tatu zinazoamua. OUR maana yake mtumaji analipa zote. SHA mnagawana, yeye za kwake wewe za njiani na za kwako. BEN zote juu yako. Malipo ya SHA ya dola 380 yanaweza kukufikia 355. Ya OUR yanafika 380 au karibu yake, ukiondoa ada ya benki yako ya kupokea. Pesa zikichelewa, omba mtumaji nakala ya uthibitisho wa malipo unaoonyesha zilipopita, ambao wengi bado huuita MT103. Benki yako ikiiona hiyo huacha kusema "hatujaona kitu".

Kwa malipo madogo hata SWIFT ni ghali. Kenya tuna PayPal, ambayo tangu 2018 unaweza kuitoa moja kwa moja kwenda M-Pesa. Bei yake ya kubadilishia si ya kirafiki, lakini kwenye dola 50 haina mpinzani. Payoneer inakupa namba za akaunti ya Marekani ambazo kampuni ya kule hulipia kama inavyomlipa mfanyakazi wake, bila SWIFT. Tahadhari mbili: imetengenezwa kwa malipo ya kampuni, si zawadi ya shangazi, na ina ada ya mwaka kwa wanaopitisha kidogo. Na hakuna hata moja kati ya hizi itakayokuwekea karatasi yenyewe. Ni za kuzuia hundi isiandikwe.

Wastaafu wa Uingereza wanaoishi huku wasipokee hundi kamwe. Pensheni ya serikali yao hulipwa kwenye akaunti ya benki ya hapa kwa fedha ya hapa, kila wiki 4 au kila wiki 13 kwa kuchagua. Wiki 13 hupunguza mara za kukatwa. Kuna jambo chungu la pembeni: anayeishi Kenya au Tanzania pensheni yake haipandi kila mwaka kama ya aliye Uingereza, inaganda pale ilipoanzia. Hilo njia ya malipo hailitibu.

Kwa jicho moja

Tarakimu za makato hapa ni za kukisia, za kukupa sura tu. Za kwako ziulize.

| Njia | Hundi ya dola 380 | Hundi ya dola 6,000 | Muda |
|---|---|---|---|
| Benki ikusanye | makato kama 85. Inauma | makato kama 85, ila bei ya kubadilishia inauma zaidi | wiki 4 hadi 8 |
| Benki inunue | hawatakubali | wateja wachache tu, pamoja na riba | siku hiyo au chache |
| Akaunti yako iliyo kule | nafuu sana | nafuu, ila hutakosa kuzuiwa siku kadhaa | siku hadi wiki |
| Ndugu kule | shida ya jina kuliko gharama | usijaribu | haitabiriki |
| Irudishwe, SWIFT ya OUR | ada ya kupokea tu | ada ya kupokea tu. Piga bei | siku 1 hadi 5 za kazi |
| Irudishwe, PayPal au Payoneer | asilimia chache | asilimia chache za 6,000 ni pesa nyingi | saa hadi siku |

Ukiisoma utaona kuirudisha kunashinda karibu kila mstari. Basi nani apeleke benki? Aliye na hundi isiyobadilishika: ya mirathi ambayo wakili wa kule amefunga faili, ya bima, ya kampuni iliyofilisika, ya kesi ambayo maelfu wamelipwa kwa mpigo na hakuna mtu wa kumwandikia barua. Hapo pokea ukweli, peleka kwa makusanyo, na usicheleweshe. Benki ya Marekani haina wajibu wa kulipa hundi iliyopita miezi sita tangu iandikwe. Ya hazina ya serikali yao ina mwaka mmoja. Nyingi pia zimechapwa kikomo cha siku 90 au 180 upande wa mbele, kwa maandishi madogo. Posta yetu ikichukua miezi miwili na makusanyo miwili mingine, hesabu inakaribia ukingoni.

Kabla ya kuisaini nyuma, hakikisha jina. Hundi iliyoandikwa "Bi. Mwanaisha wa Ali" na kitambulisho kinachosema Mwanaisha Ali Omar vitakuletea safari tatu. Kiasi cha maneno kikipishana na cha tarakimu, maneno ndiyo yanayoshika kisheria, ila benki nyingi huikataa hundi yenyewe, basi bora uirudishe mapema.

Wepesi unaopaswa kukutia shaka

Taratibu ile ya makusanyo inayokera ina faida moja: hupewi pesa ambazo hazijalipwa. Hatari iko kwenye njia za haraka. Mchezo wenyewe ni wa zamani. Umetangaza nyumba ya kupangisha Diani, mgeni anaandika kutoka nje, anakutumia hundi ya dola 4,000 badala ya 2,500, anasema katibu wake alikosea, umrudishie 1,500 kwa Western Union. Hundi inawekwa, salio linaonekana, unatuma. Baada ya wiki mbili hundi inarudi, ni bandia, benki inakutoza zote. Kuona pesa kwenye salio si sawa na hundi kuiva. Muulize mhudumu kwa swali hili hili: je, benki iliyoandikwa kwenye hundi imeshalipa, au mmenikopesha tu? Na anayekulipa zaidi ya deni lake, tena kwa hundi ya nje, tena kwa haraka, usimrudishie hata senti mpaka upate jibu hilo kwa maandishi.

Mwaka uliopita hundi nyingine ilinifikia, ya dola 42. Sikuipeleka popote. Nilimwandikia mhasibu, akanijibu kwa adabu kwamba hakujua, akanitumia kwa PayPal, na kabla ya magharibi ilikuwa kwenye simu. Akaniomba kitu kimoja, niiharibu ile ya karatasi na nimtumie ushahidi. Nikaikata vipande viwili kwa mkasi wa jikoni, nikavipanga juu ya meza namba zionekane, nikapiga picha.